Njia ya Gari Ikikatwa, Udugu Hukatika

Katika lugha yetu neno "kata" lina kazi nyingi. Twakata kuni, twakata nguo, twakata shauri, twakata tamaa, na wako kati yetu, Mungu atuepushe, wakatao udugu. Wenye magari ya abiria nao wana kukata kwao. Gari limeandikwa ubavuni kwamba laenda hadi kijiji fulani, nauli ya kufika huko imelipwa, kisha katikati ya safari ligeuze na abiria washushwe. Hiyo ndiyo kukata njia. Ikifanywa leo na kesho na mtondo, mwisho njia yenyewe huwa haiko tena, na kijiji kilichokuwa na gari hubaki na vumbi lake.

Huenda msomaji akauliza: habari ya magari yafanya nini katika ukurasa wa utamaduni? Mambo ya nauli na matairi si yana kurasa zake? Jawabu langu ni kwamba gari la shamba halichukui watu na mapakacha peke yake. Huchukua pia maziko, harusi, hitma, maulidi, kumzuru mgonjwa, na mtoto wa chuo na ubao wake. Mambo hayo tukiyaondoa, sijui huo utamaduni tunaousifu majukwaani utabaki kuwa nini, isipokuwa ngoma za kuwachezea watalii.

MJI NA MASHAMBA YAKE

Mombasa haikuwa kisiwa peke yake hata siku moja. Tazama majina ya Miji Kumi na Miwili, yaani Thelatha Taifa na Tisa Taifa. Katika Thelatha Taifa mna Wachangamwe. Katika Tisa Taifa mna Wajomvu, Wamtwapa na Wakilifi. Changamwe, Jomvu, Mtwapa na Kilifi zote ziko bara, ng'ambo ya maji. Maana yake ni kuwa tangu zamani mtu wa Mvita alikuwa na mguu mmoja kisiwani na wa pili bara. Nyumba ya mawe ilikuwa mjini, minazi na miembe ilikuwa shamba. Na aliyezaliwa mjini aghalabu alizikwa karibu na wazee wake, popote walipolala.

Jirani zetu Wadigo, Warabai, Wagiriama na wenzao walishuka mjini na nafaka na nazi, wakarudi na nguo, chumvi na samaki. Biashara hiyo ilizaa urafiki, urafiki ukazaa ndoa. Leo ukifungua ukoo wa nyumba nyingi za Mji wa Kale utakuta bibi mmoja au wawili waliotoka upande wa mashamba.

Watu walivuka kwa madau na mitumbwi, kisha wakashika njia kwa miguu au kwa punda. Mwanzoni mwa karne ya 20, ndani ya kisiwa kulikuwa na vigari vidogo vilivyopita juu ya reli nyembamba, vikisukumwa na watu. Mwaka 1931 likajengwa daraja la kuelea la Nyali, na mwaka 1980 likafunguliwa daraja jipya la zege. Kilifi ikapata daraja lake mwaka 1991. Mabasi yakafuata barabara, na mazungumzo ya watu yakabadilika. Umbali haukupimwa tena kwa maili wala kwa saa za kutembea. Shamba lenye gari lilikuwa karibu, na lisilo na gari lilikuwa mbali, hata kama minara ya mji ilionekana kutoka huko.

Jambo hili ndilo nimtakalo msomaji aliweke moyoni: gari ndilo lililoleta shamba karibu na mji. Basi gari likiondolewa, shamba halibaki pale lilipokuwa. Huhama. Huenda mbali usiku mmoja, bila ya mchanga wake kusogea hata shibri.

MNOFU NA MFUPA

Kila kazi ya kuchukua abiria ina mnofu na ina mfupa. Mnofu ni njia za katikati ya mji, ambako gari hujaa kwenda na hujaa kurudi. Mfupa ni zile maili za mwisho, kupita nyumba za mwisho za mji, ambako barabara ni ya mchanga na abiria ni wachache. Swali lote la uchukuzi ni moja: nani atakayetafuna mfupa?

Kampuni ya Kenya Bus Services ilianza kazi Nairobi mwaka 1934, na baadaye mabasi yake yakawa mashuhuri hapa Mombasa pia. Mwaka 1966 Baraza la Jiji la Nairobi lilichukua asilimia 25 ya hisa, na kampuni ikapewa haki ya kuchukua abiria wa jiji peke yake. Haki kama hiyo ina ubaya wake. Asiye na mshindani huwa mvivu, na abiria husimama juani akingoja. Lakini ina uzuri mmoja. Aliye na sufuria nzima aweza kuambiwa: umekula mnofu, na mfupa nao ni wako. Faida ya njia nono hulipia njia nyembamba.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akatoa amri kuwa matatu zaweza kuchukua abiria bila ya leseni ile iliyotakiwa kwa mabasi. Matatu zenyewe zilipewa jina kutokana na nauli ya mapeni matatu, yaani senti thelathini. Tusizinyime haki yake. Zilikwenda mahali ambapo basi halikupata kufika, na vijiji vingi vilianza kusikia honi kwa sababu yao. Lakini mwenye matatu aghalabu ana gari moja, na gari moja hula katika njia moja. Hana mnofu wa pengine wa kulipia mfupa wa hapa. Leo njia ikimtia hasara, leo hii ataiacha.

Serikali ilijaribu tena mwaka 1986 kwa mabasi ya Nyayo, yaliyokuwa na nauli nafuu. Watu waliyapenda. Hata hivyo, katikati ya miaka ya 1990 shirika lile lilikuwa limeanguka, na mabasi mengi yakabaki vyuma vya kukalia kuku. Tangu hapo mfupa umekuwa hauna mwenyewe.

"MBELE HAKUNA WATU"

Njia haikatwi kwa upanga, hukatwa kwa kijembe. Kwanza huondoka gari la mwisho la usiku. Watu husema, si kitu, tutarudi mapema. Kisha magari ya mchana hupunguka, abiria akangoja saa nzima badala ya nusu. Halafu ije masika, njia iwe matope, gari ligeuze kwenye lami "kwa siku chache" mpaka pakauke. Pakakauka, gari lisirudi. Huku nyuma yule aliyekuwa akitegemea gari amekwisha kutafuta jinsi nyingine: ameazima baiskeli, amepanda pikipiki, amehamia mjini kwa shemegi yake, au ameacha kusafiri. Ndipo mwenye gari aseme, "Mwaona? Hamna abiria." Ni kweli hamna. Lakini ni nani aliyewafukuza?

Jioni moja nilikuwa ndani ya gari la upande wa Kisauni, adhana ya magharibi iko karibu. Tulikuwa tumebaki watu wanne. Kufika penye taa za mwisho dereva akazungusha usukani, na makanga, kijana mwenye adabu zake, akapiga bati.

"Mwisho hapa, wazee wangu. Gari lageuza."

Palikuwa na bibi mmoja wa makamo, buibui limepauka, pakacha tupu liko mapajani. Alikuwa ametoka Makadara kumtazama mgonjwa. Akasema kwa upole, "Mwanangu, mimi nimelipa hadi mwisho."

"Najua, bibi. Lakini mbele hakuna watu."

"Na mimi, mwanangu, si mtu?"

Kijana aliinamisha kichwa. Akatoa sarafu mfukoni akamrudishia, na nadhani alimrudishia zaidi ya haki yake. Yule bibi akashuka. Wenye pikipiki wakamzunguka, wakamtajia nauli iliyozidi ile aliyolipa kutoka mjini. Akalifunga buibui vizuri, akashika njia kwa miguu, na kiza kinaingia.

Simlaumu sana yule kijana. Kazi yake naijua jinsi ilivyo. Mwenye gari ataka fedha zake kila jioni, kiasi walichopatana, gari likijaa lisijaa. Mafuta ni ya dereva kutoa humo humo. Kinachobaki ndicho chakula cha dereva na makanga. Asubuhi watu wote waelekea mjini, jioni wote waelekea makwao. Kwa hiyo gari lipelekalo watu shamba jioni hurudi tupu. Ukimwambia afike mwisho wa njia kwa abiria wanne, umemwambia aondoe ugali wa watoto wake awape wengine. Kosa ni la mpango uliomfanya maskini wa gari na maskini wa shamba wagombee shilingi ishirini gizani.

UINGEREZA NAKO

Tusidhani kwamba jambo hili ni la kwetu peke yetu, kwa sababu ya umaskini. Uingereza, nchi iliyotuletea mabasi, imepita njia hiyo hiyo. Huko, tangu sheria ya mwaka 1930, kampuni ya basi ilihitaji leseni ya njia, na iliyopewa njia nono ilitarajiwa kubeba na nyembamba. Ikaja Sheria ya Uchukuzi ya mwaka 1985. Kuanzia tarehe 26 Oktoba 1986, nje ya London, kila kampuni ikawa huru kuchagua njia itakayo. Ikitaka kuiacha, ilitoa ilani ya siku 42 na mambo yakaisha. Njia zisizo na faida zikaachiwa mabaraza ya wilaya yazilipie kwa fedha za umma.

Fedha hizo zilipoadimika, mabaraza nayo yakakata. Cumbria, nchi ya milima na vijiji vilivyotawanyika, iliacha kabisa kulipia mabasi hayo mwaka 2014. Oxfordshire, yenye chuo kikuu mashuhuri duniani, ikafuata mwaka 2016. Wazee wa vijijini wakabaki kutazama kituo cha basi kisicho na basi. Mahali pengine wanavijiji wenyewe walichanga wakanunua gari dogo, na wastaafu wakaliendesha kwa zamu bila ya mshahara.

Na kuna uzi unaotufunga sisi na wao katika habari hii. Kampuni ya Stagecoach, iliyoanzishwa Perth huko Scotland mwaka 1980 na kunenepa kwa uhuru ule wa 1986, ndiyo iliyonunua Kenya Bus Services mwaka 1991, Nairobi na Mombasa. Ilikuta matatu zimejaa kila njia nono. Mwaka 1998 ikauza ikaenda zake. Kampuni iliyozoea uhuru wa soko kwao ilikutana na soko lililo huru kuliko yeye, nayo haikuweza.

Waingereza wamekwisha kuanza kurudi nyuma. Jimbo la Greater Manchester, kuanzia Septemba 2023 hadi Januari 2025, limerudisha mabasi yake yote chini ya mamlaka ya umma. Mamlaka hupanga njia na saa na nauli, na kampuni hulipwa kuendesha. Mnofu na mfupa vimerudi katika sufuria moja.

KINACHOKATIKA

Turudi kwetu. Gari la alfajiri likikatwa, mwenye mchicha na madafu hafiki Kongowea wala Marikiti kabla ya jua kupanda. Humuuzia mchuuzi aliyemfuata shambani, kwa bei ya mchuuzi. Hiyo ni hasara ya mfuko, na wataalamu waweza kuihesabu.

Gari la jioni likikatwa, hasara yake haina daftari. Saa za kutazama wagonjwa hospitalini aghalabu ni za jioni. Asiye na gari la kurudi haji, na mgonjwa hulala akiangalia mlango. Mwezi wa Ramadhani, magari huadimika kabla ya magharibi, na aliyealikwa kufuturu kwa ndugu zake hufuturu njiani kwa tende moja. Maiti haingoji. Habari ya msiba ikifika baada ya adhuhuri na hakuna gari, ndugu huzikwa bila ya ndugu. Mara ya kwanza watu husikitika. Mara ya pili huelewana. Mara ya tatu hawapelekeani habari tena, kwani wana yakini kuwa hawatafika.

Hivyo ndivyo udugu ukatikavyo, bila ya ugomvi na bila ya neno baya. Tulifundishwa chuoni kwamba kuunga udugu ni wajibu na kuukata ni dhambi kubwa. Basi mtu aliye tayari kuunga, na njia ya kuungia imekatwa na mwingine, tumhesabu vipi? Tulifundishwa pia kwamba msafiri aliyekatikiwa njiani, ibn-sabil, "mwana wa njia", ni mmoja wa watu wa namna nane wenye haki katika zaka, hata kama kwao ana mali. Yaani dini imemtambua mtu aliyeachwa katikati ya safari, ikampa haki. Na haramia wa barabarani, katika vitabu vya fiqhi, huitwa qatiu-tariq, maana yake mkata njia. Sisemi kwamba makanga ni haramia, hasha. Nasema tu kwamba wale waliotutangulia walijua thamani ya njia iliyo wazi, hata wakamwita adui wa watu wote kwa jina hilo.

LA KUFANYA

Kuna watakaosema: pikipiki zipo, tuktuk zipo, basi la nini? Pikipiki ni msaada, na imeokoa wengi usiku wa uchungu wa uzazi. Lakini ni ya mtu mmoja mwenye fedha za siku hiyo. Haimchukui mwanafunzi kila siku kwa nauli ya mwanafunzi, wala haimchukui bibi wa miaka sabini na mapakacha mawili ya maembe.

Sheria hatuna haja ya kuitafuta mbali. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya uchukuzi wa umma wa barabarani pamoja na barabara za kaunti. Leseni za njia ziko mikononi mwa NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Kanuni za mwaka 2014 zinataka kila gari la abiria liwe ndani ya sako au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Hapo ndipo penye ufunguo. Mwenye gari moja hawezi kutafuna mfupa, lakini sako ya magari 30 yaweza. Magari yapewe zamu: leo hili lifike mwisho wa njia, kesho lile, na hasara ya safari hiyo ichangiwe na wote. Zamu yangu leo, zamu yako kesho, ndivyo wavuvi wagawanavyo kazi katika chombo na ndivyo tuchimbavyo makaburi.

Kaunti nayo isawazishe barabara kabla ya masika, ili tope lisiwe udhuru. Leseni ya njia itaje safari ya kwanza na ya mwisho, na asiyefika mwisho aulizwe. Na njia isifutwe kabla ya wanakijiji kuitwa barazani wakasikilizwa, wanawake wakiwemo, kwani wao ndio wajuao ni nani apandaye gari hilo na kwa haja gani. Wachache ni watu pia. Gari la mwisho lenye abiria wanne limebeba nyumba nne zinazongoja taa isizimwe.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa mashairi, na maneno ya gazeti husahaulika upesi, nawaachia ubeti mmoja. Anayependa na aongeze wake:

Gari lilipo njiani, si bati na matairi,
Hubeba walo shambani, wakaja mjini kheri,
Likikatwa majirani, hugeuka wasafiri,
Mkata njia fikiri, na wewe una nyumbani.